Celtis uliobaki peke yake shambani Rungwe: uliachwa, ulipandwa, au ni kazi ya ndege?

#1 Poroto_Juu (mtoa mada)
Habari za leo wanajukwaa. Naleta suala lililogawa kikao cha familia yetu, nikiona heri lijadiliwe na watu wasio na hisa katika shamba lenyewe. Tuna shamba la urithi juu kidogo ya Tukuyu, nusu migomba na kahawa ya zamani, nusu nyingine miche ya parachichi tuliyoianzisha karibuni. Katikati ya hiyo nusu ya pili umesimama mti mmoja mkubwa, na katika mashamba yote yanayotuzunguka sijaona mwingine wa aina yake. Gome ni la kijivu na laini, shina limepanuka kidogo karibu na ardhi. Majani yake yana jambo la kushangaza: kitako cha jani hakilingani, upande mmoja umeanzia chini zaidi ya mwenzake, mishipa mitatu mikubwa inatoka pamoja pale kikonyo kinapokoma, na ukingo ni laini hadi karibu na nusu ya jani, ndipo meno yanapoanza. Wakati wa baridi hupukutisha majani, kisha huchipua kabla mvua hazijaanza.

Afisa misitu aliyepita kwa shughuli nyingine aliutazama akasema ni Celtis africana. Jina tukalipata, ubishi ukabaki. Baba mdogo, ambaye tayari ameshaongea na mnunuzi wa mbao, anasema ni mti wa msituni ulioponea tu wakati babu anafyeka, kwa hiyo hauna mwenyewe. Shangazi anashikilia kwamba ulipandwa kwa makusudi, na mti uliopandwa na mzee haukatwi bila ukoo kukaa. Binamu yangu aliyesoma anawacheka wote wawili na kusema ni kinyesi cha ndege. Je, ipo namna ya kujua?

#2 Randa_Mafinga
Mtoa mada, jibu lipo kwenye ubao wenyewe, na mimi ninayeshinda karakana nitakwambia kwa nini uliachwa: wapasuaji hawakuutaka. Ukiukata mbichi unatoa harufu isiyopendeza. Ubao wake ni mweupe unaoelekea njano, unapendeza siku ya kwanza, lakini ukichelewa kuukausha ukungu unaingia na kuuachia madoa ya kijivu yanayoelekea buluu ambayo randa haiyaondoi. Ukiusimika ardhini kama nguzo, mchwa na kuoza havikuachii muda. Enzi ambazo podo ilikuwa bado inapatikana milimani huko, nani angechosha msumeno wa mkono kwa mti kama huo? Baba mdogo amuulize mnunuzi wake kama anajua anachonunua.

#3 Mwl_Biolojia
Kabla hatujaenda mbali, tuhakikishe kwamba si mpehe, yaani Trema orientalis, kwa sababu hao wawili ni ndugu na kitako cha jani kisicholingana wanacho wote. Jani la mpehe lina meno madogo kuzunguka ukingo wote na ukilipapasa linakwaruza. Matunda yake ni meusi, madogo sana, yamebanana kwenye makwapa ya majani kwa vikonyo vifupi. Tunda la Celtis africana huning'inia peke yake kwenye kikonyo chembamba kirefu na huiva kuwa la njano au hudhurungi. Yupo ndugu wa tatu, Chaetachme aristata, lakini huyo ana miiba na hungemsahau kama umewahi kumshika.

#4 Poroto_Juu
Shukrani, mwalimu. Vikonyo vya matunda ni virefu, na meno hayafiki chini. Si mpehe, mpehe tunao mwingi tu kwenye maporomoko ya kando ya mto na tunaufahamu.

#5 Ninga_wa_Udzungwa
Binamu yako asichekwe. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni pembezoni mwa msitu kwa muda mrefu, na wakati matunda ya Celtis yanapoiva, ninga, hondohondo na wengineo hukusanyika juu ya mti kiasi kwamba huhitaji kuutafuta kwa macho. Ndege humeza tunda zima, nyama yake nyembamba inayeyuka tumboni, kokwa inatoka nzima. Baada ya kula huruka hadi kwenye mti mwingine mrefu, na chini ya mti huo ndipo miche inapoota. Kwa hiyo swali la kumuuliza shangazi ni hili: kabla ya mti huu, je, palikuwa na mti mwingine mrefu hapo hapo, labda uliokwishaanguka? Kama ulikuwepo, mpandaji amepatikana.

#6 Mnyalukolo_Kalenga
Kamwene. Nawasoma mnavyobishana kana kwamba watu wa zamani walikuwa wanafyeka wakiwa wamefumba macho. Mti mkubwa hauponi shambani kwa bahati. Aliyefyeka aliamua. Huku kwetu Iringa ukiona mti mmoja wa kivuli umebaki katikati ya mahindi, uliza kwanza kama kuna kaburi chini yake au kama wazee walikuwa wanakalia hapo kusuluhisha kesi. Huko Rungwe kwenu ndiyo zaidi, kwa kuwa vichaka vya makaburi ya machifu vilikuwa havikatwi wala haviokotwi kuni. Shamba likipanuka hadi likala kichaka chote, unabaki mti mmoja. Hoja ya fundi namba 2 haisimami: mti usiofaa kwa mbao bado unafaa kwa kuni, na mtu anayefungua shamba haachi kitu kinachokula jua la mazao yake kwa sababu tu ubao wake unanuka.

#7 Randa_Mafinga
Mzee wa Kalenga, kwa kuni nakubali. Lakini kuukata mti wa kipenyo kile kwa shoka ni kazi ya watu kadhaa kwa siku nzima, na mgomba hauchukii kivuli chepesi. Uvivu nao ni uamuzi.

#8 Ulanzi_na_Kande
Mimi sina shamba ila nina swali. Nimesoma mahali kwamba mti huu ni wa ukoo mmoja na bangi. Kama ni kweli, basi shangazi ameficha mengi katika kikao hicho.

#9 Mwl_Biolojia
Namba 8, ukoo ni kweli. Zamani Celtis na mpehe viliwekwa pamoja na jamii ya Ulmaceae, yenye miti mikubwa ya kivuli ya Ulaya, Asia na Marekani, na ndivyo utakavyokuta katika vitabu vya zamani vya mimea ya Afrika Mashariki. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba Celtis, Trema na Chaetachme viko karibu zaidi na bangi pamoja na hopsi inayotiwa kwenye bia kuliko vilivyo karibu na Ulmus, jenasi iliyoipa jina jamii hiyo ya zamani, na sasa vyote viko katika jamii moja, Cannabaceae. Lakini undugu wa jamii si usawa wa kemikali. Hakuna askari atakayemfuata shangazi kwa sababu ya Celtis.

#10 Ulanzi_na_Kande
Kwa hiyo wanywaji wa bia na watu wa ile kitu nyingine ni mashemeji. Sisi wa ulanzi tunaendelea na mianzi yetu kwa amani.

#11 Mche_Bora_Njombe
Mwalimu, kuhusu kemikali ongeza kidogo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro, Brazili, walitangaza kwamba wamekuta kanabidioli, ile kemikali ya bangi isiyolevya, katika maua na matunda ya Trema micrantha, ambaye ni ndugu wa mpehe wetu anayeota huko Amerika kama magugu. Kilevi chenyewe, THC, hawakukiona. Kwa hiyo undugu una maana fulani kwenye kemikali, japo si ile ambayo namba 8 anaitamani.

Nirudi kwenye mada. Mimi ninaotesha miche, na napenda mpehe kuliko Celtis kwa mtu mwenye shamba lililochoka. Unakua haraka, unashika udongo wa mteremko, na mizizi yake inarutubisha ardhi kwa kuvuta naitrojeni hewani kama zinavyofanya kunde. Inawezekana kabisa kwamba babu alizijua sifa za miti hii na akaiacha kwa ajili ya udongo.

#12 Kitalu_cha_Uyole
Hapo kwenye naitrojeni tusahihishane, maana dai hilo lina historia yake. Mwaka 1973 mtafiti M. J. Trinick aliandika kwamba amekuta vinundu vyenye bakteria aina ya rhizobiamu, wale wanaovuta naitrojeni hewani, kwenye mizizi ya Trema huko Papua New Guinea. Ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa hadi wakati huo bakteria hao walijulikana kuishi na jamii ya kunde peke yake. Baadaye mmea wenyewe ukakaguliwa upya na kuonekana kwamba si Trema bali ni Parasponia, jenasi ndogo ya karibu sana nayo inayoota kuanzia visiwa vya Malaya hadi Pasifiki. Hadi leo Parasponia ndiyo pekee nje ya kunde inayofahamika kuwa na ushirika huo na rhizobiamu. Mpehe wetu hauna vinundu. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa jenomu uliolinganisha Parasponia na Trema, na waandishi wake wakaona kwamba huenda mababu wa Trema walikuwa na uwezo huo wakaupoteza, kwa sababu jeni zinazohitajika kwa kazi hiyo zimebaki kwa Trema zikiwa zimeharibika. Majani ya mpehe yanayoanguka yanaongeza mboji, hilo sikatai, lakini mkulima asiuziwe miche kwa sifa ya shemeji yake.

#13 Mche_Bora_Njombe
Nimekupata. Kwenye vipeperushi vyangu nitabaki na kukua haraka na kushika udongo. Ila kwa babu hoja yangu ni ile ile: mkulima hahitaji kuona vinundu ili aone kwamba mahindi ya chini ya mti fulani yamestawi.

#14 Ninga_wa_Udzungwa
Yamestawi chini ya mti unaobaki bila majani wakati wa baridi, ambapo hakuna mahindi shambani. Tuwe waangalifu.

#15 Mgeni_wa_Kyela
Naomba niingie kwa upande mwingine. Huku kwetu radi si hadithi, na kila nyumba ina la kusimulia. Marehemu bibi alikuwa anataja miti ambayo haifai kukatwa karibu na nyumba kwa sababu inahusiana na radi, na majani aliyokuwa akituonyesha yalikuwa na kitako cha kupinda hivi hivi, ingawa siwezi kuapa kuwa ni mti mmoja na huu. Baadaye nilisoma kwamba nchini Afrika Kusini Celtis africana imeandikwa kuwa mti wenye nguvu ya kinga, na kwamba vipande vyake vilichanganywa na mafuta ya mamba ili kuzuia radi. Watu walio mbali hivyo wakiwa na wazo linalofanana kuhusu mti mmoja, mimi sioni ni ajabu kama babu wa mtoa mada aliuacha kwa hofu tu.

#16 Mnyalukolo_Kalenga
Hofu ni sababu nzuri kuliko zote zilizotajwa. Inalinda misitu mingi kuliko sheria.

#17 Mwl_Biolojia
Namba 15, Celtis africana inaota kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia na kuvuka hadi Yemeni, kwa hiyo imepita kwenye makabila mengi yenye mawazo mengi. Ukitafuta utapata mahali pengine ambapo wanaukata na kuchonga mipini bila hofu yoyote. Mpini wake, kwa taarifa ya fundi namba 2, unasifiwa kwa kunesa bila kuvunjika.

#18 Randa_Mafinga
Mpini sikuukataa. Nilisema mbao na nguzo. Ukitaka kuona mti huu unavyonesa, uliza habari za mji wa Sauve kusini mwa Ufaransa, ambako ndugu yake, Celtis australis, hakatwi ndipo achongwe. Uma wa kugeuzia majani makavu ya mifugo unaoteshwa juu ya mti ukiwa hai: wanachagua chipukizi, wanaziacha zile zinazogawanyika kuwa meno matatu, nyingine wanaziondoa, wanaendelea kupogoa mwaka baada ya mwaka mpaka unene unapokuwa wa kutosha, ndipo wanakata, wanaupasha moto tanurini na kuunyoosha. Hakuna kiungo wala msumari. Nilipoona picha yake nilikaa kimya kidogo, kwa sababu mimi ninapata riziki kwa viungo na misumari.

#19 Kitalu_cha_Uyole
Hapo fundi ametupa hoja ambayo hajaiona. Huyo Celtis australis wa Ulaya ni mti wa mabarabara na viwanja, na huku kwetu wamisionari na walowezi walileta miti mingi ya kwao au ya makoloni mengine. Mtoa mada, je, shamba lenu lilikuwa karibu na misheni? Jani la australis limerefuka zaidi, ncha yake imechongoka sana, meno ni makali na yanaanzia karibu na kitako. Tunda lake ni kubwa kuliko la africana, linaiva likiwa jeusi, tena ni tamu. Kuna na wa tatu wa kuangalia, Celtis sinensis wa China na Japani. Kule Queensland nchini Australia umekuwa gugu linalojaza kingo za mito. Afrika Kusini kuna malalamiko kwamba miche mingi inayouzwa vitaluni kama Celtis africana ni ya kigeni au imechanganya damu, kwa kuwa hizi aina zikiwekwa jirani zinazaana. Kama mti wa Rungwe ni mmoja wa hao wageni, hoja ya kuachwa na hoja ya ndege wa msituni zinaanguka zote, na shangazi anashinda.

#20 Poroto_Juu
Misheni haikuwa mbali sana, lakini meno yanaanza katikati ya jani kama nilivyosema, na matunda sijawahi kuyaona meusi. Nimemsomea shangazi maelezo ya namba 19. Amefurahi, kisha nilipofika kwenye suala la meno amekasirika.

#21 Mwl_Biolojia
Hata akiwa africana halisi, bado anaweza kuwa amepandwa. Mti kuwa wa asili hakuzuii mtu kuchukua mche msituni na kuuhamishia uani. Na kwa kuwa tumefika hapo, msiache kumfikiria Celtis gomphophylla, ambaye pia ni wa milima yetu: jani lake lina ncha ndefu inayochuruzisha maji, na meno, kama yapo, yako juu kabisa karibu na ncha hiyo.

Mfano wa kupandwa kwa makusudi ninao, ingawa ni wa mbali. Mwaka 1604 utawala wa akina Tokugawa nchini Japani uliagiza vichuguu vya udongo vijengwe kando ya barabara kuu kila ri moja, ambayo ni kama kilomita nne, ili msafiri ajue ametembea kiasi gani. Juu ya vichuguu hivyo ulipandwa mara nyingi Celtis sinensis, ambao wao wanauita enoki, kwa sababu ya kivuli chake na kwa kuwa mizizi yake ilishikilia udongo. Baadhi ya vichuguu vingali vipo. Mti mmoja, mkubwa, peke yake, mahali pa wazi: mtu asiyejua historia angesema ni ndege.

#22 Mche_Bora_Njombe
Na anayejua historia ya Japani angeona kichuguu kila penye mti. Tukuyu hatukuwa na Tokugawa.

#23 Jiwe_na_Kokwa
Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyegusa kokwa. Tunda la Celtis lina nyama kidogo sana, kisha kokwa ngumu. Ugumu huo si wa mti kama ulivyo wa kokwa nyingine. Sehemu kubwa ya ukuta wake ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya chokaa na ya ganda la konokono. Chukua kokwa kavu iliyookotwa chini ya mti, itoe nyama yote, ivunje kwa jiwe, weka vipande kwenye kijiko na ukamulie ndimu. Mimi niliijaribu nikiwa nimekiinamia kijiko karibu na dirisha: kwanza hakuna kitu, kisha kwenye kingo zilizovunjika vipovu vidogo sana vinaanza kupanda kwa mstari, na kipande kinatikisika peke yake.

Kwa sababu hiyo kokwa za Celtis hudumu ardhini hata bila kuungua, wakati mbegu nyingine zimeoza zamani. Zimekutwa kwa wingi Çatalhöyük nchini Uturuki, kijiji kikubwa cha wakulima wa takriban miaka 9,000 iliyopita. Zimekutwa pia Zhoukoudian karibu na Beijing, katika pango lenye mabaki ya Homo erectus, binadamu wa kale, wa mamia ya maelfu ya miaka, na Mmarekani Ralph Chaney akazitambua mwaka 1935 na kuziita chakula cha watu hao. Sasa sikilizeni. Miaka ya 1980 Lewis Binford na Chuan Kun Ho walipitia upya ushahidi wa pango hilo na kuuliza: nani amethibitisha kwamba watu ndio waliozila kokwa hizo? Wanyama nao waliishi humo, na panya hukusanya mbegu. Yaani wataalamu wa dunia wamekaa miongo mingi kwenye kikao cha familia ya mtoa mada: ni watu au ni wanyama?

Faida yake kwenu ni hii. Chimbeni shimo dogo chini ya mti, mbali kidogo na shina. Kama mti ulikuwa wa msitu mzima wa Celtis uliofyekwa, kokwa zitakuwa zimetapakaa hadi chini sana na mbali na matawi ya sasa.

#24 Ninga_wa_Udzungwa
Wazo zuri, lakini lina tundu. Ndege waliokuwa wakitua kwenye mti wa awali wangeacha kokwa za Celtis hapo hapo hata kama hapakuwa na Celtis hata mmoja karibu. Na mvua za Tukuyu si za Uturuki. Udongo wenu una asidi, na mwenzetu ametoka kutuonyesha kinachotokea kokwa ikikutana na asidi.

#25 Jiwe_na_Kokwa
Hilo la udongo nalikubali nusu. Udongo wa volkano una tabia zake, na ndimu ni kali kuliko udongo wowote wa kulimwa. Chimbeni, tuone.

#26 Vipepeo_Kitulo
Hamjambo. Nina la kuongeza kuhusu wageni wengine wa mti huu. Kuna kipepeo wa Afrika anayeonekana kuwa na pua ndefu, Libythea labdaca, ambaye viwavi wake hula majani ya Celtis. Kuna nyakati huhama kwa makundi makubwa mno, na utawaona wametanda kwenye matope ya kando ya barabara wakinywa. Ndugu zake wa kazi wako kila penye Celtis: Japani kuna kipepeo wao wa taifa, Sasakia charonda, anayelelewa na enoki, Marekani kuna Asterocampa celtis, aliyepewa hadi jina la mti. Huko Marekani majani ya Celtis occidentalis hujaa vinundu vilivyochomoza upande wa chini, kazi ya wadudu wadogo wa jenasi Pachypsylla, ambao huingia ndani ya nyumba wakati wa vuli kutafuta pa kujificha baridi. Nauliza hili kwa sababu maalumu: mtoa mada, je, majani ya mti wenu huliwa na viwavi kila mwaka? Kama huliwa sana, basi kuna Celtis wengine jirani wanaowatunza vipepeo hao, na madai kwamba uko peke yake yanahitaji kuangaliwa upya.

#27 Poroto_Juu
Kuna miaka huliwa karibu majani yote, mingine hayaguswi. Nimetembea leo hadi korongo la mto lililo chini ya shamba la jirani. Nimekuta miti midogo mitatu yenye jani hilo hilo, na mmoja mkubwa kiasi ng'ambo ya maji. Kumbe mashambani uko peke yake, bondeni una wenzake.

#28 Ninga_wa_Udzungwa
Ndege. Mti mama ng'ambo ya maji, mtoto shambani.

#29 Mnyalukolo_Kalenga
Au mti wa shambani ndiyo mama na wa korongoni ndiyo watoto, maana mbegu huteremka na maji ya mvua na wala hazipandi mlima. Upi mnene zaidi?

#30 Poroto_Juu
Wa shambani ni mnene karibu mara mbili ya ule wa ng'ambo.

#31 Randa_Mafinga
Unene haukwambii umri, mzee. Mti wa shambani unapata jua pande zote na samadi ya ng'ombe, wa korongoni umebanwa. Ungehesabu pete za mwaka, na mti unaopukutisha majani kila mwaka una nafasi nzuri ya kuwa na pete zinazosomeka, lakini ili uzione inabidi uukate, na hapo baba mdogo atakuwa ameshinda kesi kwa njia ya mzunguko.

#32 Kitalu_cha_Uyole
Kipo kifaa cha kuchomoa kijiti chembamba kutoka gomeni hadi moyoni bila kuua mti. Wataalamu wa misitu wanacho. Tatizo ni kwamba kwa miti mingi ya tropiki mwaka mmoja unaweza kuacha pete mbili au usiache hata moja, hasa mwaka ambao viwavi wamemaliza majani.

#33 Poroto_Juu
Kuna jambo nililisahau, nalo shangazi amelishikilia sana leo. Mti huu, kisiki kimoja cha zamani, na mti mwingine mdogo ulioota karibu na njia, vyote vitatu viko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Anasema ndege hawapandi kwa kamba.

#34 Mgeni_wa_Kyela
Hapo mkono wa mtu unaonekana waziwazi. Shangazi apewe kesi yake.

#35 Ninga_wa_Udzungwa
Mkuu, muulize shangazi kama mstari huo ulikuwa mpaka wa shamba wenye uzio au boma la ng'ombe. Huko Marekani Celtis inasifika kwa kuota kwa mstari kwenye nyaya za mashamba, na hakuna aliyeipanda: ndege amekula, ametua kwenye uzio, ameacha mbegu, na plau haipiti chini ya uzio.

#36 Poroto_Juu
Uzio ulikuwepo, wa miti, zamani za babu. Lakini shangazi anauliza: uzio huo nao ulijengwa na ndege?